Gwaride Mbele ya Daktari

Kila asubuhi Jolene Tollefson aliamka kabla ya mumewe, lakini hakufumbua macho. Alilala kimya na kusikiliza.

Wade, mumewe, alivaa nguo zake za kazi. Alifunga buti. Kisha alielekea kwenye ngazi za kushukia jikoni. Hapo Jolene alitega masikio zaidi.

Wade hakushuka ngazi kama watu wengine. Alishuka kiubavu, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Mguu mzima ulitangulia. Mguu wa kulia ulifuata, ukiburuzwa. Kulikuwa na kishindo, kisha mburuzo, kisha kishindo tena. Siku nyingine kishindo kilikuja kikubwa kuliko kawaida, kisha kimya. Jolene alishika shuka na kungoja. Alipomsikia Wade akitukana kwa sauti ya chini, alimshukuru Mungu. Mtu anayetukana yuko hai.

Alipomfuata jikoni kunywa kahawa, alimwuliza swali lile lile.

"Mguu unaendeleaje leo?"

"Siwezi kulalamika," Wade alijibu.

Huko Dakota Kusini, Marekani, katika mji wao mdogo wa Kessler, hilo ndilo jibu la kila mtu. Mvua ya mawe ikimaliza soya, mkulima husema hawezi kulalamika. Mzee akitoka hospitali na kovu kifuani, naye husema hawezi kulalamika. Ni adabu yao. Mtoto hulelewa nayo kama anavyolelewa kunawa mikono. Lakini adabu nayo ina mahali pake, na watu wa Kessler walikuwa hawajajua mpaka wake uko wapi.

Wade alikuwa mwanajeshi wa zamani. Alipokuwa kijana alipelekwa Iraki na kikosi cha kutegua mabomu ya barabarani. Siku moja bomu moja lililipuka kabla hawajalitegua. Kipande cha chuma kiliingia nyuma ya mguu wake wa kulia na kutokea upande wa pili. Kilipita katikati ya kigimbi, yaani ule msuli mnene ulio nyuma ya mguu chini ya goti. Madaktari wa jeshi walimpasua zaidi ya mara moja, wakakata nyama iliyokufa. Kidonda kikaoza, wakampasua tena. Alikaa hospitali miezi.

Aliporudi nyumbani alikuwa anatembea. Watu wakampigia makofi. Kwa hiyo akaona amepona, na kama hajapona, basi si jambo la kumwambia mtu.

Sasa alifanya kazi kwenye maghala ya nafaka ya ushirika. Ni maghala marefu ya chuma, kila moja lina ngazi ya chuma ubavuni. Msimu wa mavuno Wade alipanda ngazi hizo kutwa, kuangalia kama ghala limejaa na kama mahindi hayajapata joto na kuanza kuoza. Msimu ule, mwezi wa kumi, mahindi yalikuwa mengi na malori yalipanga foleni hadi barabarani.

Jolene alipika shuleni. Alipomaliza kazi mchana, alimpelekea Wade chakula. Siku hiyo alikuwa amebeba sandwichi za nyama na chupa ya supu. Alishuka kwenye gari, akatazama juu.

Wade alikuwa katikati ya ngazi. Hakuwa anapanda wala kushuka.

Jolene alisubiri. Upepo ulikuwa unavuma, na koti la Wade lilikuwa likipigapiga. Kisha Jolene akaona mguu wa kulia ukitetemeka. Ulitetemeka wazi, hata mtu aliye chini aliuona. Buti likateleza kwenye kidato. Mwili wote wa Wade ukashuka ghafla, akabaki ananing'inia kwa mikono.

Jolene hakupiga kelele. Chupa ya supu ilimponyoka, na yeye hakujua.

Wade alitafuta kidato kwa mguu wa kushoto. Akakipata. Akakumbatia ngazi, akapumzika, kisha akaanza kushuka polepole sana. Alipofika chini uso ulikuwa mweupe na jasho linamtiririka, na ilikuwa siku ya baridi.

"Umemwaga supu," alimwambia mkewe.

"Wade!"

"Buti tu. Lilikuwa na matope."

Gus Heckert, msimamizi wa maghala, alikuja mbio kutoka kwenye kibanda cha mizani. Alikuwa mtu mnene, mwenye huruma na mdomo mkali.

"Hii mara ya ngapi, Wade? Usiniambie matope. Nimekwambia njoo ukae kwenye mizani. Upime malori, unywe kahawa, unenepe kama mimi."

"Mshahara wa mizani ni wa mtoto wa shule."

"Na mshahara wa maiti je?"

Wade aliokota chupa ya supu, akamrudishia mkewe. "Siwezi kulalamika, Gus," alisema, akaondoka huku akichechemea.

Gus alimgeukia Jolene. Alishusha sauti. "Dada, huyu ataanguka. Mimi siwezi kumfukuza mtu aliyepigana vita. Lakini ataanguka, na mimi ndiye nitakayekuja kugonga mlango wako. Tafadhali, sitaki kugonga mlango wako."

Jolene alirudi nyumbani na roho mkononi.

Siyo kwamba hawakuwa wamejaribu. Mwaka huo huo, baada ya kusukumwa sana na mkewe, Wade alikuwa ameomba malipo ya ulemavu. Serikali ya nchi ile huwalipa wanajeshi walioumia kazini. Kila jeraha hupewa kiwango cha ulemavu kwa asilimia, na malipo hufuata kiwango hicho. Wade alipelekwa kuchunguzwa na daktari. Kisha barua ikaja. Asilimia kumi.

Jolene alitaka kuuliza, kwa nini kumi? Wade alikunja barua akaiweka juu ya jokofu.

"Wamesema kumi, ni kumi. Kuna wenzangu hawakurudi na miguu. Kuna wengine hawakurudi kabisa."

Mjadala ukaishia hapo, barua ikabaki juu ya jokofu.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na chakula cha pamoja kanisani, katika ukumbi wa chini. Kila familia ilileta bakuli lake la viazi na nyama ya kusaga. Wade hakushuka ngazi za ukumbini pamoja na wenzake. Alizunguka nje, akaingia kwa mlango wa nyuma wa jikoni, akaanza kuosha vyombo kabla hata chakula hakijaliwa. Watu walisema, "Tazama Wade, mchapakazi." Jolene alijua kwamba mumewe anatafuta sinki la kuegemea.

Mtu mwingine naye alijua. Huyo alikuwa Verna Robideau, mwanamke wa makamo, Mlakota wa kabila la wenyeji wa asili wa huko, mwenye nywele za mvi alizosuka msuko mmoja mrefu. Verna alikuwa muuguzi wa jeshi zamani. Sasa alikuwa na ofisi ndogo katika jengo la wilaya. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanajeshi wa zamani kudai haki zao. Alikaa karibu na Jolene na sahani yake.

"Mumeo anaosha vyombo kwa mguu mmoja kama korongo," alisema. "Wamempa ngapi?"

Jolene alishtuka. Alitazama kulia na kushoto. "Kumi."

"Kumi? Kwa mguu ule?" Verna alitafuna taratibu. "Kesho jioni nitakuja kwenu kunywa kahawa. Usimwambie, atakimbia. Ingawa kwa mguu ule hatafika mbali."

Jolene alicheka, kisha akaona aibu kwa kucheka, kisha macho yakamjaa machozi. Hakuwa amemsikia mtu mwingine yeyote akiutaja mguu ule kwa sauti, hata mara moja.

Jumatatu jioni Verna alikuja na mkoba wake. Wade alipomwona tu, alielewa. Alimtazama mkewe kwa jicho la mtu aliyesalitiwa. Lakini mgeni ni mgeni, kahawa ikamiminwa.

"Sajenti," alisema Verna, akimwita kwa cheo chake cha jeshi, "nieleze siku ya daktari. Tangu ulipoamka."

"Hakuna la kueleza, mama. Nilikwenda, nikachunguzwa."

"Ulivaa nini?"

"Shati."

"Alilipiga pasi mwenyewe," alidakia Jolene. "Na buti akazipiga kiwi."

"Dawa ya maumivu?"

Wade alikuna shingo. "Nilimeza. Zaidi kidogo ya kawaida. Sikutaka kumsumbua daktari."

"Na soksi ya kubana?"

"Nilivaa."

"Na ulipofika?"

"Nilikaa kwenye gari mpaka mguu ukatulia. Nilitaka kuingia vizuri."

Verna aliweka kikombe chini. "Wade Tollefson, ulikwenda kwa daktari au ulikwenda kwenye gwaride?"

Wade alitazama buti zake.

"Daktari alikuuliza nini kwanza?"

"Aliniuliza naendeleaje."

"Ukasema?"

Jolene alifumba macho. Alilijua jibu.

"Nikasema siwezi kulalamika," alisema Wade.

"Naye akaandika hivyo. Si kosa lake. Daktari si mganga wa ramli. Anaandika anachokiona na anachoambiwa. Ameona shati limenyooka na mtu amesimama mguu sawa. Alikwambia usimame kwa ncha za vidole?"

"Ndiyo. Nikasimama."

"Kwa mguu wa kulia peke yake?"

"Ndiyo. Niliuma meno, nikasimama."

"Na kama angekwambia urudie?"

Wade aliutazama mguu wake.

"Ningeanguka," alisema Wade.

"Ulimwambia hivyo?"

"Hakuniuliza."

Verna alipumua. "Sikiliza basi. Msuli ulioumia hauna tabia moja. Asubuhi unaweza kukubeba, jioni ukakutupa. Kwa hiyo sheria haiangalii kovu tu. Inauliza kama nguvu zimepungua. Kama mguu unachoka upesi, na ukichoka unauma. Kama unatetemeka, unakosa shabaha, hujui utakanyaga wapi. Hizo ndizo dalili zenyewe za msuli ulioharibika. Na wanaangalia historia ya jeraha. Je, chuma kilipita kikatokea upande wa pili? Je, nyama ilikatwa? Kidonda kilioza? Ulilazwa muda mrefu? Na sasa, unaweza kazi yako kama zamani? Kwenye fomu yako uliandika nini?"

"Niliandika 'jeraha la mguu.'" Wade alisita. "'Limepona.'"

"Limepona!" Verna alipiga meza, vijiko vikaruka. "Na habari za upasuaji, na hospitali ya ng'ambo?"

"Ilikuwa zamani. Sikuona sababu."

"Basi wamekupima kwa ulichowapa. Kwa kigimbi, viwango ni vinne tu. Jeraha dogo halilipwi, ni sifuri. La wastani, kumi. Likizidi wastani, ishirini. Jeraha kali kabisa, thelathini. Wewe umejiweka kwenye kumi kwa mdomo wako mwenyewe. Siwezi kukuahidi kiwango, sipangi mimi. Lakini naweza kukusaidia kuwapa ukweli wote."

Wade alisukuma kiti, akasimama. Aliegemea sinki, kama kawaida yake.

"Mama, nakuheshimu. Lakini hiyo ni kulia lia. Kila nikichukua mimi, kuna mtu aliyekatwa miguu yote miwili anayekosa."

"Hapana," alisema Verna. "Hii si sufuria moja ya supu. Ukipakua wewe, ya mwenzako haipungui. Kila mtu ana yake, na yako imekaa pale inapoa."

"Nimesema siwezi kulalamika."

Basi Verna akamgeukia Jolene. "Na wewe? Wewe hukuchunguzwa na mtu. Unaona nini?"

Jolene alisogeza kikombe pembeni. Katika ndoa yao kulikuwa na chumba kimoja kisichofunguliwa, na sasa mgeni alikuwa amempa ufunguo. Akifungua, Wade angeweza kukasirika asimsamehe. Asipofungua, kulikuwa na ile ngazi ya chuma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Alimwona tena mumewe ananing'inia.

"Naona anashuka ngazi kiubavu," alisema. "Naona akitoka kazini anakaa kwenye gari kwanza, injini imezimwa, anasugua mguu, kisha ndipo anaingia akitabasamu. Naona Britta, binti yetu, akicheza mpira wa kikapu, na baba yake anasimama mlangoni mchezo mzima. Anasema mlangoni anaona vizuri. Haoni vizuri. Hawezi kupanda majukwaa. Britta anadhani baba yake hataki kukaa nasi."

Wade aligeuka. "Britta anadhani hivyo?"

"Aliniuliza mimi. Hakuthubutu kukuuliza wewe." Jolene alijifuta uso kwa kiganja. "Na kila asubuhi mimi siko usingizini. Nalala pale nasikiliza unavyoshuka. Nangoja ufike chini. Kila asubuhi, Wade, tangu tuoane. Ukijikwaa, nauma mto."

Wade aliachia sinki.

"Nilidhani umelala," alisema hatimaye.

"Najua ulidhani."

Wade alirudi kwenye kiti polepole. Alikaa. Kwa mara ya kwanza mbele ya mtu asiye mke wake, alikunja suruali na kuishusha ile soksi. Kigimbi cha kushoto kilikuwa kimejaa. Cha kulia kilikuwa kimeingia ndani, kovu limeshikana na nyama, kama udongo ulioporomoka. Verna hakusema pole. Aliangalia kama muuguzi anavyoangalia.

"Tufanye nini?" aliuliza Wade.

Kazi ikaanza. Verna alieleza kwamba hawakuhitaji kugombana na mtu. Walihitaji kuomba upya, pamoja na ushahidi ambao ofisi ya malipo haijauona. "Na tufanye ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua," alisema. "Ukichelewa bado unaweza kuomba, lakini unaweza kupoteza tarehe yako ya mwanzo, ile ambayo malipo huhesabiwa tangu hapo. Na mtu akikupigia simu akitaka kulipwa ili akujazie fomu, kata simu. Mimi nalipwa na wilaya. Wewe kwangu hulipi hata kahawa."

"Kahawa yenyewe umekunywa yangu," alisema Wade. Ilikuwa mara ya kwanza jioni ile kutania. Jolene alipumua.

Verna aliandika kuomba kumbukumbu za hospitali ya jeshi. Lonnie, mwenzake Wade aliyemvuta kutoka kwenye gari siku ya bomu, aliandika alichokiona kwa macho yake. Gus aliandika habari za ngazi ya chuma na siku Wade aliyoponea chupuchupu. Jolene aliandika yale aliyoyasema jikoni.

"Msiongeze hata chembe," Verna aliwaonya wote. "Uongo mmoja unaua ukweli kumi. Lakini pia msipunguze hata chembe. Kupunguza nako si kusema kweli."

Siku ya uchunguzi mpya ilifika katikati ya baridi kali. Jolene aliamka, akamkuta Wade bafuni ameshika chupa ya dawa za maumivu.

"Verna alisemaje?" aliuliza Jolene kutoka mlangoni.

"Nimeze kama siku zote. Nisiache, nisizidishe. Na nimwambie daktari nimemeza nini." Alitikisa chupa, akatoa kidonge kimoja, akaifunga. Kisha akatazama shati lililopigwa pasi nyuma ya mlango. Alilitazama kwa muda. Akavaa fulana ya kazini.

Njiani theluji ilivuka barabara kwa upepo. Jolene aliendesha. Alikuwa na hofu mbili, na kila moja ilimvuta upande wake. Aliogopa Wade akisema ukweli wasimwamini. Zaidi aliogopa asiseme kabisa.

Walipofika, Wade hakukaa kwenye gari kungoja mguu utulie. Aliingia akichechemea kama anavyochechemea. Daktari alikuwa kijana, mpole, ana haraka kidogo. Alimruhusu Jolene akae pembeni.

"Karibu, Bwana Tollefson. Unaendeleaje leo?"

"Siwezi ku..." Wade alianza.

Akakwama. Jolene alitazama sakafu. Hakuthubutu kumtazama. Kumi, aliwaza. Tunarudi kwenye kumi. Tunarudi kwenye ngazi.

Wade akaugusa mguu. "Mguu unauma," alisema. "Unauma kila siku. Jioni unauma zaidi. Nimemeza kidonge kimoja asubuhi, na bado unauma."

Maneno mafupi hayo yalimtoa jasho kuliko ngazi ya maghala.

Daktari aliacha kuandika, akamtazama usoni. Haraka yake ikapungua. Alivuta kiti karibu. Alizungusha utepe kwenye kigimbi cha kushoto, kisha cha kulia, akaandika tofauti. Aligusa kovu. Alimwambia asimame kwa vidole vya mguu wa kulia. Wade alisimama.

"Tena," alisema daktari.

Alisimama, mguu ukaanza kutetemeka.

"Ukiweza, tena."

Kisigino kiliinuka kidogo tu, kisha mguu ukamwacha. Wade aliangukia ukuta kwa bega. Zamani angecheka na kusema ameteleza. Safari hii alibaki ameegemea ukuta, anahema.

"Hivi ndivyo inavyonitokea kwenye ngazi," alisema. "Napanda maghala ya nafaka. Nikifika katikati, huwa hivi."

"Siku mbaya kabisa huwaje?" aliuliza daktari.

Wade alieleza. Alieleza ngazi za nyumbani, gari lililozimwa injini, mlango wa uwanja wa mpira. Aliposahau kitu, alimgeukia mkewe, na Jolene akakitaja. Hawakuongeza. Hawakupunguza.

Baada ya hapo kukabaki kungoja, na kungoja kuna mateso yake. Wade aliendelea kupanda ngazi za chuma, na sasa kulikuwa na barafu kwenye vidato. Kila simu iliyolia jikoni mwa shule ilimfanya Jolene aache mwiko kwenye sufuria. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba, alichungulia dirishani kuona kama ni Gus.

Theluji ilikuwa inayeyuka barabarani barua ilipoletwa. Waliifungua pamoja na Verna, mezani. Wade aliisoma, akaisogeza mbele.

Asilimia ishirini. Tena kuanzia tarehe ile ya mwanzo.

"Si thelathini," alisema Jolene. Hakujua afurahi au ahuzunike.

"Thelathini ni kwa msuli uliosagika, mara nyingi na mfupa umevunjika," alisema Verna. "Mfupa wake haukuvunjika. Ishirini ni kweli yake. Mguu ukizidi kuharibika, mnaniona tena. Na sasa, Sajenti, ile kazi ya mizani?"

Wade alizungusha kikombe. Malipo mapya hayakuwa utajiri. Lakini yaliziba karibu pengo lote kati ya mshahara wa ngazi na mshahara wa mizani. Kisingizio chake kikuu kilikuwa kimekufa pale mezani.

"Gus atanifanya ninenepe," alisema.

Juma lile lile alihamia kwenye mizani. Hospitali ya wanajeshi wa zamani ilimpa pia kifaa kipya cha kushika kifundo cha mguu, na mtaalamu wa mazoezi akamfundisha namna ya kuutumia mguu bila kuuchosha. Mechi ya mwisho ya Britta, Wade alimwambia binti yake mwenyewe kwa nini husimama mlangoni. Britta alimletea kiti, akakiweka chini kabisa, karibu na mstari wa uwanja, akamwonya asimzomee mwamuzi.

Kanisani mzee mmoja, Orville, aliyepigana vita vya zamani zaidi, alimwuliza Wade anaendeleaje.

"Mguu unanisumbua leo," alijibu Wade.

Orville aliweka uma chini. Alitazama huku na huku, kama mtu anayetaka kutaja jambo la siri. "Mimi ni bega," alisema. "Tangu nina miaka ishirini na moja."

Verna alivuta kiti na kukaa kati yao.

Asubuhi moja ya masika Jolene aliamka kama kawaida yake, akalala kimya na kusikiliza. Wade alivaa. Alifunga buti. Akaelekea kwenye ngazi. Kishindo, kisha mburuzo. Kishindo tena. Halafu kimya kikaingia katikati. Jolene akashika shuka.

"Jolene?" Wade aliita kutoka kwenye ngazi. "Najua hujalala. Njoo unishike mkono. Leo mguu umegoma."

Tangu waoane hakuwahi kuitwa hivyo. Jolene alitupa shuka na kwenda kwake bila viatu, akampa bega, na wakashuka pamoja, taratibu, mpaka chini.